Wale wa Biggest Loser msimu wa 8: mbona karibu wote kilo ziliwarudia?

#1 Kijana wa Lanet
Wadau, salamu. Nimerudia kuangalia The Biggest Loser, kile kipindi cha runinga cha Marekani cha kushindana kupunguza uzito, msimu wa 8, ule wa mwaka 2009 alioshinda Danny Cahill. Jamaa aliingia na ratili 430, yaani kilo 195, akatoka na ratili 191, ambazo hata kilo 87 hazifiki. Akakabidhiwa dola 250,000, makofi, machozi, kila kitu.

Halafu mwaka 2016 watafiti wakawapima tena watu 14 wa msimu huo. Kati yao 13 walikuwa wamenenepa tena, na wanne walikuwa wazito kuliko siku waliyoingia kwenye shindano. Danny mwenyewe alikuwa amerudisha zaidi ya ratili 100.

Hapa Nakuru ukiuliza sababu unajibiwa neno moja: uvivu. Mimi nakataa. Nasema shindano lenyewe ndilo liliwaharibu. Leteni hoja. Na mwenye dawa ya kuuza apite mbali.

#2 Jakondele
Uvivu.

#3 Mama Chapo (Kakamega)
@Jakondele na hicho kitambi chako cha kuwekea kikombe cha chai, wewe ndiye wa kumwita mtu mvivu? Tulikuona kwenye picha za harusi.

#4 Jakondele
Mama Chapo, lile lilikuwa koti.

#5 Mwalimu wa Njoro
Kijana wa Lanet, niweke tarehe sawa kwanza. Mei 2016 ndipo matokeo yalipochapishwa, katika jarida liitwalo Obesity. Kupimwa walipimwa miaka sita baada ya shindano. Aliyeongoza kazi hiyo ni Kevin Hall wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH. Kwa wastani watu hao 14 walipoteza kilo 58 ndani ya wiki 30, na baada ya miaka sita kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi mahali pake.

Lakini kilichowatoa watu macho si hizo kilo. Mwili ukiwa umelala tu kitandani bado unachoma kalori: moyo unapiga, ini linachuja, ubongo unakula. Mtu mkubwa anachoma nyingi, mdogo anachoma chache, hapo hakuna ubishi. Sasa hawa walikuwa wanachoma pungufu ya kalori 500 hivi kwa siku, ukilinganisha na mtu mwingine wa ukubwa na umri kama wao. Pengo la Danny lilikuwa 800. Na hata waliponenepa tena, pengo halikuzibika. Mwili uligeuka bahili na ukabaki bahili hata baada ya ghala kujaa.

#6 Jakondele
Kalori 500 kwa hesabu ya hotelini ni nini?

#7 Mama Chapo (Kakamega)
Chapo zangu mbili. Za jirani yangu labda tatu, yeye anasukuma karatasi.

#8 Nesi wa Milimani
Au soda mbili za nusu lita, na bado unabakisha nafasi ya andazi dogo.

#9 Jakondele
Kwa hivyo Danny tukikaa meza moja, tuko sawa kwa kimo na umri, yeye anatakiwa anyanyuke akiwa ameacha chapo tatu ambazo mimi nakula bila neno? Hiyo ni dhuluma. Lakini bado nasema uvivu unachangia.

#10 Kocha wa Menengai
Mimi kazi yangu ni hii, nafunza watu hapa Nakuru, kwa hivyo nisikilizwe kidogo. Shida ni kwamba lile zoezi halikuwa la binadamu mwenye maisha. Kule ranchi walikokaa washindani walikuwa na dakika 90 za mazoezi makali chini ya kocha, siku sita kwa wiki, na juu ya hapo wanahimizwa waongeze hadi saa tatu wakiwa peke yao. Baadaye wanarudi kwao kujiandaa kwa fainali. Danny aliacha kazi ili afanye mazoezi tu. Nani humu anaweza kumwambia bosi wake hivyo?

Mteja akija kwangu anataka kilo 20 kabla ya Disemba, namwambia tutapanda Menengai polepole kila Jumamosi na mwakani tutaongea. Wengi hawarudi. Wanaobaki ndio wanaokaa na matokeo.

#11 Dereva wa Salgaa
Kocha amegusa pangu. Nilisoma habari zake Danny. Miaka minne alijizuia asipite ratili 255, na siri ilikuwa mazoezi ya saa mbili hadi tatu kwa siku. Aliporudi kwenye kazi yake ya zamani ya kupima ardhi ndipo kilo zikaanza kupanda. Mnaona? Si uvivu, ni ratiba.

Mimi natoka Mombasa hadi Malaba. Nikishuka kwenye lori ni usiku, na kilicho wazi barabarani ni nyama choma, ugali na chai ya maziwa. Sijawahi kuona kibanda cha matunda kikiwa na foleni ya malori saa saba usiku.

#12 Mzee wa Mumias
Dereva, fungua wewe hicho kibanda.

#13 Binti Sabatia
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nina maelezo ambayo hayana kalori ndani yake.

Baada ya kumpata kitinda mimba wangu nilijitahidi nikapungua vizuri tu, nguo za usichana zikaingia. Nikaenda nyumbani kwa mazishi. Shangazi akanishika mkono, akanivuta nyuma ya jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: mwanangu, umepimwa? Mama mkwe akawa ananipakulia mara ya pili kabla sijamaliza ya kwanza. Mchungaji aliniombea hata sikuwa nimeomba maombi. Mume wangu akaulizwa na kaka zake kama kuna shida ya pesa.

Sisi wa Magharibi na Nyanza tulizika watu wengi miaka ya tisini, na wengi wao walianza kwa kukonda. Wazazi wetu waliona hayo kwa macho. Mtu akikonda wao hawaoni afya, wanaona jeneza. Kwa hivyo nilianza kumaliza ile sahani ya pili. Sikushindwa na njaa hata kidogo, nilichoka kuhojiwa.

#14 Mzee wa Mumias
Binti amesema kweli tupu. Na kwa mwanamume ni hivi: ukikonda, wanasema mke hapiki. Ukinenepa, mke anapongezwa. Mimi nimenenepa kwa ajili ya heshima ya mama watoto.

#15 Nyar Dunga
Pole Binti Sabatia, limenigusa. Lakini hilo ni la huku kwetu. Danny hakuvutwa nyuma ya jikoni na shangazi yeyote, alishangiliwa nchi nzima. Kama sifa zingezuia kilo, yeye angekuwa mwembamba mpaka leo. Tafuteni sababu nyingine ya Wamarekani.

#16 Bukhungu Boy
Huyu Danny si ndiye wa ile fainali ambapo mshindi alitokea mwembamba mpaka makocha wakaduwaa?

#17 Nesi wa Milimani
Hapana, huyo ni Rachel Frederickson wa msimu wa 15, fainali ya tarehe 4 Februari 2014. Aliingia na ratili 260 akatoka na 105, kilo 48 hivi. Karibu asilimia 60 ya mwili wake ilikuwa imeenda. Kamera ikawaonyesha Bob Harper na Jillian Michaels wamebaki mdomo wazi. Kocha wake hata hakuwa mmoja wao, alikuwa Dolvett Quince. Baadaye Rachel aliongeza ratili 20 hivi, na mwenyewe akakubali kwamba huenda alizidisha bidii ya mazoezi.

Mkiniuliza mimi, kosa liko kwenye kanuni. Mshindi anahesabiwa kwa asilimia ya uzito aliopoteza, kwenye mzani, usiku mmoja. Kanuni hiyo haiulizi damu yako ikoje, hedhi imekatika ama la, wala unalala vipi. Ukiweka robo milioni ya dola mbele ya mtu kwa kanuni ya aina hiyo, atafanya hesabu ya robo milioni. Ryan Benson, mshindi wa msimu wa kwanza mwaka 2004, alisema waziwazi kwamba alijinyima chakula na maji kabla ya kupimwa mpaka akakojoa damu.

#18 Bukhungu Boy
Hayo ya maji nayafahamu. Nilikuwa na rafiki bondia. Kabla ya kupimwa alikuwa anakimbia mchana wa jua kali na sweta mbili juu yake nailoni, anatema mate kwenye chupa. Akishapimwa tu anakunywa maji kama ng'ombe, kesho yake ana kilo tatu au nne zaidi. Basi fumbo limekwisha! Hizo kilo zilizorudi ni maji.

#19 Mwalimu wa Njoro
Bukhungu, kilo nne nitakupa. Kilo 41 za maji utaziweka wapi?

#20 Bukhungu Boy
Ndio maana nilipata D ya hesabu.

#21 Chai Asilia Tumbo Flati
Habari wapendwa, kuna chai ya mitishamba inayoondoa mafuta ya tumbo kwa siku saba bila mazoezi, nitumie ujumbe

#22 Msimamizi
Huyo ameshaondolewa. Endeleeni.

#23 Jakondele
Msimamizi, ungengoja nichukue namba kwanza.

#24 Kijana wa Lanet
Nirudi kwa Nesi kuhusu kanuni. Kuna jimu moja hapa mjini, sitaitaja, ilifanya shindano lake la kuiga haya ya runinga. Dada mmoja tunayefanya naye kazi akashinda, akapewa friji. Picha yake ya kabla na baada ikawekwa kwenye bango kubwa karibu na steji. Sasa amenenepa kupita alivyokuwa kabla, na bango bado liko. Kila asubuhi anashuka kwenye matatu chini ya sura yake mwenyewe. Makanga wamemzoea, wanamwita "Baada". Alikwenda kuomba waliondoe, akaambiwa alitia sahihi.

Friji anayo, inafanya kazi vizuri.

#25 Mama Chapo (Kakamega)
Ni ukatili huo. Mwambie ahamie Kakamega, huku akipita tutasema tu "mama amependeza".

#26 Nesi wa Milimani
@Kijana wa Lanet, na huyo dada yako hatari yake haikuwa bango peke yake. Mtu ambaye hajakimbia kwa miaka ukimkimbiza ghafla, misuli inaweza kuvunjikavunjika na kumwaga protini kwenye damu, figo zikaziba. Mkojo unageuka rangi ya Coca-Cola. Msimu huu huu wa 8 siku ya kwanza waliambiwa wakimbie maili moja kwenye mchanga wa ufuoni. Mama mmoja alianguka, akabebwa kwa helikopta, na tatizo lilikuwa hilohilo la misuli. Kocha, unalifahamu?

#27 Kocha wa Menengai
Nalifahamu, ndio maana mgeni kwangu anaanza kwa kutembea. Lakini msiwaonyeshe makocha wote kama wauaji. Runinga inataka mtu aanguke. Sisi tunataka arudi Jumamosi ijayo, na alipe.

#28 Dereva wa Salgaa
Hapo kwenye "na alipe" nimekuamini.

#29 Nesi wa Milimani
Nimalizie la kitabibu ambalo hakuna aliyeligusa. Kuna homoni inaitwa leptini, inatoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, punguza kula. Walipoanza shindano washindani walikuwa nayo ya kutosha. Wakati wa fainali ilikuwa karibu imeisha kabisa. Miaka sita baadaye, pamoja na kwamba mafuta yamerudi, leptini ilikuwa imefika theluthi mbili hivi ya ile ya mwanzo. Yaani ubongo wa Danny ulikuwa unaambiwa kuna ukame, mchana na usiku, kwa miaka.

Sasa Jakondele, mtu wa namna hiyo akikaa karibu na sufuria ya Mama Chapo, utamwita mvivu?

#30 Jakondele
Namwita jirani.

#31 Nyar Dunga
Njaa ya aina hiyo haiondoki kwa kuambiwa "jikaze". Nauza samaki, naona watu. Kuna wale wa kula kichwa wakasema asante, na kuna wale wanamaliza ngege mzima na macho bado yako kwenye karai.

Ila na mimi nitupe jiwe langu. Tunazungumza homoni, hakuna anayeuliza walikula nini. Kipindi chenyewe kilikuwa kinatangaza chingamu na mkate wa Subway katikati ya mafunzo. Mtu anafunzwa kuhesabu kalori, hafunzwi kupika. Akirudi nyumbani kwake anakuta jikoni lilelile. Huku ziwani tuna omena, tuna mboga zetu za apoth, dek, osuga, vyakula vya kushibisha.

#32 Binti Sabatia
Nyar Dunga dada yangu, na nyinyi wauza samaki mbona wengi mna mwili?

#33 Nyar Dunga
Tunakaanga, mpenzi. Na mafuta ya kukaangia tunayaonja. Usinifuatilie sana.

#34 Mwalimu wa Njoro
Sasa niharibu sherehe kidogo, maana naona sote tumekubali kwamba mwili kupunguza matumizi ndiko kulikorudisha kilo. Utafiti uleule wa 2016 una jambo linalokaa vibaya na maelezo hayo. Washindani waliofaulu zaidi kubaki wembamba ndio ambao miili yao ilikuwa imepunguza matumizi zaidi. Yule mmoja kati ya 14 ambaye hakurudisha, aliyekuwa mwepesi hata kuliko siku ya fainali, naye alikuwa anachoma zaidi ya kalori 500 pungufu kila siku. Ubahili wa mwili wote walikuwa nao. Kwa hivyo hauwezi peke yake kutuambia nani alinenepa na nani hakunenepa.

#35 Jakondele
Mwalimu, nilikuwa nimeanza kuelewa. Kwa nini unafanya hivi?

#36 Kocha wa Menengai
Asante Mwalimu! Na mimi nina utafiti wangu. Mwaka 2017 walewale wa NIH waliwaangalia tena watu hao 14, safari hii wakapima mwendo. Waliobaki na uzito mdogo walikuwa wameongeza shughuli za mwili kwa asilimia 160 ukilinganisha na kabla ya shindano. Walionenepa waliongeza 34 tu. Kwa dakika ni kama 80 za mazoezi ya wastani kila siku, au 35 za makali. Mazoezi ndiyo yaliyotenganisha. Kesi imefungwa.

#37 Dereva wa Salgaa
Kocha, dakika 80 kila siku, maisha yote? Kwa mtu wa lori? Hiyo umenihukumu, hujanisaidia.

#38 Mwalimu wa Njoro
Kocha, usifunge kesi mapema. Mwaka 2022 Kevin Hall mwenyewe aliandika kuitafsiri upya kazi yake. Anasema huenda ubahili ule haukutokana na kujinyima chakula, ila ulitokana na mazoezi mengi ambayo baadhi waliendelea nayo. Ukitumia nguvu nyingi kukimbia, mwili unabana kwingine ili jumla isipande sana. Ndiyo maana waliofanya mazoezi zaidi walionekana na pengo kubwa zaidi wakiwa wamelala.

Wazo hilo lina mizizi hapa jirani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania. Ni watu wanaowinda, wanachimba mizizi, wanatembea kutwa. Walitarajiwa kuchoma kalori nyingi kupita mtu wa ofisini Marekani. Ukisawazisha ukubwa wa mwili, jumla ya siku ilikuwa karibu sawa.

#39 Kocha wa Menengai
Kwa hivyo unawaambia watu wasifanye mazoezi? Wateja wangu wanasoma hapa, Mwalimu.

#40 Mwalimu wa Njoro
Sijasema hivyo. Moyo unayataka, sukari na presha zinayataka. Nasema tu hayachomi kama tunavyohesabu kwenye ile mashine ya kukimbilia yenye taa.

#41 Kocha wa Menengai
Basi niambie, kama mwili unabana na kufidia, mbona waliofanya mazoezi ndio waliobaki wembamba? Ukifidia kila kitu, mwendo usingeleta tofauti yoyote.

#42 Mwalimu wa Njoro
Hapo umeniweka. Labda mazoezi yanatuliza hamu ya kula. Labda mwenye nafasi ya dakika 80 ndiye mwenye nafasi ya kupika. Na watu 14 ni wachache mno kutenganisha hayo.

#43 Mzee wa Mumias
Mimi wakati wa miwa nilikata na kupakia, na nilikuwa mwembamba kama wenzangu wote. Kiwanda kiliposimama nikakaa, nikanenepa. Wahadzabe wawaambie wanavyotaka.

#44 Mama Chapo (Kakamega)
Mzee, na kiwanda kiliposimama ulianza pia kukaa kwangu kila saa nne.

#45 Mzee wa Mumias
Hayo hayakuwa kwenye utafiti.

#46 Bukhungu Boy
Mnaongea yote, mnasahau ni runinga. Washindani wa zamani walishasema kwamba "wiki" ya kipindi si lazima iwe siku saba. Wewe unakaa kwenye kochi unaona mtu kapunguza kilo nane kwa wiki, kumbe siku zimevutwa. Kisha unajaribu nyumbani, unapata nusu kilo, unakata tamaa. Na Slimpossible ya Citizen, lile shindano letu la wadada kupunguza uzito, kuna aliyewahi kuwafuatilia miaka sita baadaye akawapima? Au tuliwapigia makofi tukazima TV?

#47 Binti Sabatia
Mmoja wao ni rafiki wa binamu yangu. Siwezi kusema zaidi, lakini anaendelea vizuri na hapendi kuulizwa.

#48 Nesi wa Milimani
Muacheni apumzike. Bukhungu swali lako ni zuri kuliko unavyolidhania. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha wanawake wazima wa Kenya wanaokaribia nusu wana uzito uliozidi. Kliniki naona wengi wamepungua mara tatu, mara nne, na kila mara wanarudi wakiwa na aibu zaidi. Siku hizi wanauliza sindano za kupunguza uzito. Nawaambia sindano nazo ukiacha, hamu inarudi. Wanakasirika, wanakwenda kuuliza kwingine.

#49 Kijana wa Lanet
Kwa hesabu yangu tuna ubahili wa mwili, leptini, ratiba ya kazi, kanuni za shindano, jikoni, mashangazi na siku za kuvutwa. Na Jakondele na uvivu wake. Mimi bado niko na Nesi kwa kanuni. Kama zawadi ingelipwa kidogo kidogo, kila mwaka unapobaki na uzito wako, tungeona msimu tofauti kabisa.

#50 Mwalimu wa Njoro
Wazo zuri. Halafu nani ataangalia? Kipindi cha mtu anayebaki na kilo 90 kwa miaka sita. Sehemu ya kwanza: kilo 90. Sehemu ya pili: kilo 90.

#51 Jakondele
Mimi ningeangalia nikiwa nakula.

#52 Kocha wa Menengai
Kijana, na anayekosa kazi mwaka wa tatu akanenepa kwa mawazo? Umnyang'anye zawadi pamoja na kazi? Hapana. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunapanda, kilele kiko mita 2,278, tunakwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Jakondele, njoo kutoka Kisumu, nakulipia chai.

#53 Jakondele
Chai na nini?

#54 Dereva wa Salgaa
Niko Timboroa, mtandao unakatika. Nesi, swali moja kabla sijapotea: nalala saa nne kwa siku, wakati mwingine tatu. Hiyo inaingia kwenye mambo ya leptini?

#55 Nesi wa Milimani
Inaingia sana, kaka. Usingizi mfupi unaongeza hamu ya kula siku inayofuata, hasa vitu vitamu na vya mafuta. Hilo limepimwa mara nyingi. Kabla hujabadilisha chakula, jaribu kwanza kuongeza usingizi uone.

#56 Dereva wa Salgaa
Nitamwonyesha mwenye lori ujumbe huu. Andika tena, weka na cheo chako.